Majaketi Kumi ya Sufi

Pale Mbotela kulikuwa na akina Nangila wawili, na mgeni akiulizia mmoja wao alijibiwa kwanza kwa swali: yule wa mboga au yule wa magodoro? Huyu wetu ni wa magodoro. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa nje ya mlango, chini ya kibati ambacho mumewe Shitanda alikigongomea mwaka walipohamia, na kwenye ukosi wa gauni lake kila siku kulikuwa na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, imechomekwa kama kalamu ya karani. Watu wazima walimwita Mama Nalianya, kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu huko Bungoma. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kanisa lake lilikuwa la Marafiki, na hao wanajulikana: wanaweza kukaa kimya ibadani robo saa nzima mpaka mgeni adhani kuna msiba.

Jirani yake wa ukuta mmoja, Wacera, mama wa Waringa, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo aliuza nguo za watoto, alisali katika kanisa la kuzamisha, na hakuna jambo alilolipenda kama kumchokoza Nangila kwa sababu Marafiki hawabatizi kwa maji.

"Mama Nalianya," angesema, "wewe utafika mbinguni mkavu kama kuni."

"Kuni kavu ndiyo ya mama mwenye akili," Nangila angejibu, asiinue macho kutoka kwenye kazi. "Mbichi itakutoa machozi bure."

Walipofika Nairobi kutoka Kimilili, miaka ile ya sitini, kila godoro la Mbotela lilikuwa la sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi. Kila baada ya masika Nangila aliletewa magodoro yaliyoshikana kama ugali wa jana. Aliyafumua, akaianika sufi juani, akaichapa kwa fimbo mbili mpaka ikaumuka, kisha akairudisha na kushona upya. Halafu sponji ikaingia mjini, na sufi ikawa kitu cha aibu, kitu cha watu wa zamani. Wacera ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mstari wao wa nyumba kulalia sponji, na alihakikisha kila mtu amejua. Wateja walileta godoro na kusema, "Toa hiyo takataka, nitilie sponji." Nangila alitia sponji, kwa kuwa mgongo ni wa mteja. Lakini ile sufi mkono wake ulikataa kuitupa. Aliishindilia maguniani, na magunia akayapanga nyuma ya kitanda mpaka yakafika saba.

Shitanda, mtu mpole aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, alizoea kuwaambia wageni, "Mimi nilipewa chumba kimoja na nusu. Ile nusu ni ya sufi."

Basi Jumatatu moja ya Februari, mwaka wa themanini, akaja mtu amebeba kifurushi cha gazeti kwapani. Ni Javan Amolo, mtu wa Kisumu, aliyekaa mstari wa pili. Javan alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika meli za ziwa kubwa, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika naye akajikuta Nairobi akibeba magunia ya viazi sokoni. Watu wa Mbotela walimwita Kapteni, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Siku hiyo hakuwa na uso wa mzaha.

"Mama Nalianya, hii maneno ni ya haraka," alisema, akakaa juu ya gunia. "Nimepata boti."

"Umenunua?"

"Nimepewa kuiendesha. Iko Naivasha, mpya, nyeupe. Watu wanaikodi pamoja na nahodha wake, siku nzima. Na michezo ya majini iko ndani: mbao za kuvaa miguuni mtu avutwe akiteleza juu ya maji, na tyubu kubwa ya trekta ya kukalia, nayo inavutwa vilevile. Jumamosi hii kuna wauguzi ishirini, wataingia kumi kumi. Hao ndio abiria wangu wa kwanza."

"Mungu ni mwema."

"Ni mwema, lakini afisa wa ziwa anakuja Ijumaa. Anataka majaketi kumi ya kuelea, na kila moja liweze kumshika mtu mzima nusu saa, kidevu kiwe nje ya maji. Yale yaliyoagizwa ng'ambo hayajafika. Mwenye boti amesema kama Ijumaa hatutapita, wauguzi watapewa boti ya mtu mwingine, na nahodha wa mtu mwingine." Akakiweka kifurushi magotini. "Nimebeba viazi miaka mitatu, mama."

Nangila alilaza kitambaa mezani. "Kapteni, mimi ni fundi wa magodoro."

"Na jaketi la kuelea ni nini? Si ni godoro la kuvaa?"

Hapo Nangila alitabasamu, na mtu aliyemjua angejua kazi imekwisha kukubaliwa. Javan alifungua kifurushi chake. Ndani kulikuwa na vitu viwili: kofia yake ya unahodha, nyeupe, na jaketi moja kuukuu la melini, limechanika, tumbo wazi. Panya walikuwa wamehamisha kila kilichokuwamo.

"Ndani palikuwa na nini?" aliuliza Nangila.

Javan alikuna kichwa. "Miaka kumi na mmoja nimeyaona yakining'inia ukutani. Sikuwahi kufungua hata moja."

Kielelezo kikawa hicho, chenye umbo na bila matumbo. Turubai la rangi ya chungwa lilitoka kwa mwenye boti, mikanda pia. Kilichobaki ni cha kujaza. Nangila alitazama magunia yake, akatazama kipande cha sponji kilichobaki kwenye godoro la mteja, na hakufikiri sana. Hii ilikuwa kazi ya watu wakubwa, ya boti nyeupe. Angewezaje kuijaza vitu vilivyotolewa chini ya migongo ya watu wa Mbotela? Alituma sponji mpya iletwe. Alikata, akajaza, akashona. Jaketi la kwanza lilipokamilika alilitia kwenye karai la maji penye mfereji wa wote, nalo likaelea kama kifaranga cha bata, na wanawake waliokuwa wakifua wakapiga vigelegele. Jumanne saa kumi jioni yalikuwa kumi, yamepangwa juu ya kamba kama samaki wa kuanikwa.

Javan aliyapapasa moja moja. "Mazuri. Lakini karai si ziwa. Lazima avae mtu."

Sasa, Mbotela maji ya kumfika mtu kifuani yatoke wapi? Mto ulikuwa wa kupita mbali umeziba pua. Vidimbwi vya kuogelea vilikuwa mahotelini, na mlinzi wa hoteli hamjui Nangila. Ni Wacera aliyepata jibu, na alilitoa taratibu, kama mtu anayeonja utamu wake.

"Kanisa letu liko na birika la ubatizo. Futi nne na nusu. Na linajazwa wiki hii, Jumapili tuko na watu kumi na wanne."

Mtunza kanisa alikuwa Mzee Irungu, mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno ya kupima. Alikuwa akilijaza birika tangu Jumapili usiku, kwa mpira wa bustani, maana mfereji wa Mbotela hutoa maji kama mtu anayetoa siri. Aliwasikiliza wote watatu mpaka mwisho.

"Mchungaji ataombea maji Jumamosi," alisema. "Kabla ya hapo ni maji tu, kama ya sufuria. Njooni kesho asubuhi. Lakini Jumamosi ikifika sitaki humo hata mguu wa kuku."

Jumatano asubuhi Wacera ndiye aliyeingia, kwa kuwa ni muumini wa pale na hana woga wa birika. Alivaa kanzu nyeupe ya ubatizo, juu yake jaketi la rangi ya chungwa, akashuka ngazi zile tatu, akainua miguu. Akaelea. Aliimba wimbo mmoja, akaimba wa pili, akamsimulia Mzee Irungu habari za Waringa na mitihani yake. Javan alikuwa ameishika saa mkononi. Dakika ya kumi Wacera alianza kuinua kidevu. Ya kumi na mbili alinyamaza, na hilo lenyewe lilikuwa ishara. Ya kumi na tano maji yakamgusa mdomo.

"Hii kitu inanivuta," alisema, akasimama wima.

Ilibidi watu wawili kulivua jaketi. Lilikuwa limekunywa maji mpaka likawa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na walipolikamua lilimwaga ndoo nzima sakafuni kwa Mzee Irungu.

"Mama Nalianya," Wacera alisema, akijipangusa macho, "umenishonea godoro la kuzikiwa."

Nangila aliendelea kukamua. Javan alikaa kwenye benchi la waumini na kofia yake juu ya goti, akiizungusha polepole kwa ukingo. Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomuuma Nangila zaidi. Lawama ungeweza kuijibu.

Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia. Kwa Marafiki, sala nyingine haina maneno. Mtu hukaa tu na kungoja, kama anayesikiliza hatua nje ya nyumba. Alikaa hivyo. Baada ya muda macho yake yakatua kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa pembeni, na ndani ya ndoo kulikuwa na unyoya mweupe wa sufi, mdogo kama ukucha, umekaa juu ya maji.

Miaka mingapi alikuwa akiulalamikia unyoya huo? Kila akichapa sufi, kesho yake ilikuwa kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye chai ya Shitanda. Na kila mara ilikuwa juu. Hakuwahi kuikuta chini.

Alichana mshono wa gunia, akatoa konzi nzima, akaitia kwenye ndoo, akaikandamiza kwa mwiko mpaka chini. Alipouachilia mwiko sufi ikapanda. Akaifinya: katikati ilikuwa kavu. Shitanda aliporudi kutoka zamu ya asubuhi alimkuta mkewe amepiga magoti mbele ya ndoo, ameikandamiza kwa mwiko, anahesabu.

"Unapika nini humo?" aliuliza.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, baba," Nangila alisema. "Nisaidie kutoa magunia nje."

"Yote?"

"Anza na matatu."

Shitanda, baada ya miaka kumi ya kungoja maneno hayo, hakuuliza la pili.

Javan alipoitwa alitazama ndoo, akatabasamu, halafu akawa mwangalifu, maana majini alikuwa amejifunza kutoshangilia mapema. "Inaelea. Lakini nusu saa, na mtu ndani yake akiibana huku na huku? Maji yatapata njia. Ingekuwa ndani ya kitu kisichopitisha."

"Mbeti," alisema Wacera, ambaye alikuwa amefika bila kuitwa, nywele bado mbichi.

Mbeti aliuza njugu karanga kwenye kona ya Barabara ya Jogoo. Kila pakiti yake aliifunga mwenyewe: aliukunja mdomo wa mfuko wa nailoni, akaupitisha haraka kwenye ukingo wa mwali wa mshumaa, na nailoni ikashikana yenyewe kwa yenyewe. Ukichelewa kidogo inatoboka, ukiharakisha haishiki. Mbeti hakuwa akiangalia hata mwali, alikuwa akiangalia barabara. Alipoelezwa shida alikuja na mishumaa yake ndani ya kopo.

"Njugu zangu hazijawahi kulegea hata msimu wa mvua," alisema. "Leteni hiyo sufi. Nitaifunga mpaka ikose pumzi."

Jua la Februari halina huruma, na mchana huo halikutakiwa kuwa nayo. Walitandaza mashuka na mikeka kati ya mistari miwili ya nyumba, wakamwaga sufi, wakaanza kuichapa kwa fimbo. Ilipaa. Ilitua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vichwa vya watoto, kwenye ndevu za wazee waliokuwa wakicheza draftsi.

"Mbotela imeota mvi leo," mmoja wao alisema, akapuliza kete zake.

Wanawake walikaa wakiichambua, wakitoa mbegu na vijiti, na maneno yalikuwa mengi kuliko sufi. Hapo ndipo Nangila alipogundua kwamba kila mmoja wao alikumbuka godoro lake. Huyu alisema, hii nyeupe sana ilikuwa yangu, nilijifungulia juu yake. Yule alisema, hapana, yangu ndiyo nyeupe, yako ilikuwa na madoa ya chai. Waliobezana jana kwa sababu ya sufi leo walikuwa wakiigombea.

Safari hii Nangila hakushona kwa haraka ya kumfurahisha mtu mkubwa. Kila jaketi alilifanyia vyumba vinane: sita kifuani na viwili kwenye kola, ili kichwa kisianguke nyuma. Alihakikisha kila mfuko wa Mbeti kwa kuukalia. Usiopumua uliingia. Mifuko mitatu ilipumua. Mbeti akaifunga upya kwa hasira ya kitaalamu. Alhamisi saa sita mchana majaketi yalikuwa kumi tena, manene, yamesimama kama watu wenye afya.

Saa nane walikuwa mbele ya birika.

Wacera alikuwa wa kwanza kukataa. "Mimi nimezamishwa mara mbili, moja na mchungaji, moja na sponji. Ya tatu ni zamu ya fundi."

Watu walicheka, kisha wakaona Nangila hacheki. Ukweli ni huu: Nangila, wa mabega mapana, aliyebeba magodoro ya vitanda vya watu wawili kichwani, hakuwahi kuingia katika maji yaliyompita magoti. Na mbali na woga kulikuwa na jambo jingine. Kwa watu wake ubatizo ni wa moyoni, nao maji hawayatumii. Yeye mwenyewe alikuwa kiongozi wa akina mama. Akionekana ndani ya birika lile, Jumapili angejibu nini?

Mzee Irungu alimwelewa. Alisogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, watakuuliza."

"Najua, mzee."

"Kuna kanzu safi hapo."

"Nitaingia na koti langu la kazi," Nangila alisema. "Na macho sitafumba."

"Hapo itakuwa ni kazi," Mzee Irungu alikubali, akatikisa funguo zake. "Kazi haina dhehebu."

Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyodhani, yakamkamata kiunoni kama mkono. Koti lake la buluu liliumuka. Alisimama. Hakuna aliyemharakisha. Aliomba bila maneno, halafu akaomba kwa maneno, halafu akainua mguu wa kulia.

"Na wa pili, Mama Nalianya," alisema Wacera, kwa upole usio wake.

Nangila aliinua wa pili.

Hakuzama. Kitu kilimshika chini ya kidevu na chini ya kwapa, kikamkalisha kama mtoto anavyokalishwa kwenye paja la bibi yake. Aliyumba kidogo, akatulia. Alitazama dari. Dakika ya tano alisikia moyo wake ukirudi mahali pake. Ya kumi na tano kila mtu alisogea ukingoni, maana hapo ndipo sponji ilipofia. Ya ishirini Wacera akaanza kulia, akijifanya anapenga kamasi. Ya thelathini Javan akafunga saa, akavaa kofia yake, akapiga saluti.

"Toka sasa, mama," alisema.

"Ngoja kidogo," Nangila alijibu. "Nimeanza kuzoea."

Ijumaa asubuhi gari la mwenye boti lilimchukua Javan, majaketi kumi na fundi wao. Wacera alijipakia pia, kama shahidi. Ziwa lilikuwa pana na tulivu, mafunjo yamesimama kandokando, na mbali kule migongo ya viboko ilionekana kama mawe yanayohamahama. Boti ilikuwa nyeupe kweli. Afisa wa ziwa alikuwa mtu mfupi, mwenye saa kubwa na uso wa mtu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi. Alilichukua jaketi moja, akalibinya.

"Haya yametengenezwa nchi gani?"

"Mbotela," alisema Javan.

Afisa aliandika. "Ndani kuna nini?"

"Sufi, bwana," alisema Nangila. "Ndani ya nailoni iliyofungwa kwa moto. Vyumba vinane. Kimoja kikitoboka, saba vinabaki."

Kalamu ilisimama. Afisa alimtazama upya, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vya raba. Kisha akachagua jaketi yeye mwenyewe, la katikati ya rundo, ili asipewe la kuonyeshea. Javan alikuwa amekwisha kuvua shati.

"Wewe hapana," afisa alisema. "Wewe unajua kuogelea, hata gunia la mawe lingekushika. Nataka mtu asiyejua."

Wacera alitazama viboko, akarudi nyuma hatua moja. Nangila alikuwa tayari anafunga mikanda.

Aliingia kutoka ngazi ya boti, mita hamsini kutoka ukingoni, mahali ambapo chini hapakuwa na sakafu ya Mzee Irungu. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Ziwa lilimpokea, likamyumbisha, likamrudisha juu. Afisa alisimama ukingoni mwa boti na saa yake. Dakika ya kumi alimwambia ajitupe kifudifudi, na kola ikamgeuza yenyewe, akatazama mbingu tena, akitema maji. Dakika ya ishirini alimwambia apige miguu kwa nguvu, na akapiga, mpaka akamrushia afisa maji kwenye karatasi. Dakika thelathini zilipotimia kidevu chake kilikuwa mahali pale pale kilipoanzia.

"Nusu saa," alisema afisa. Kisha akaongeza, kana kwamba anajisemea, "Nimeona ya ng'ambo yakifanya vibaya kuliko haya." Akaweka sahihi juu ya karatasi yenye maji, akampa Javan mkono, akamwita nahodha. Jina hilo halikuwa la mzaha tena.

Sasa nahodha alikuwa na jambo moja lililobaki. Michezo ilitaka kujaribiwa kabla ya wauguzi, na tyubu ya trekta ilihitaji mtu.

"Mama Nalianya, wewe tayari umelowa," alisema Javan.

Wacera alisema, "Kataa, wewe ni mama wa kanisa."

"Kanisa halijakataza matairi," alisema Nangila, akapanda.

Kamba ilijinyoosha, injini ikanguruma, na mama wa magodoro wa Mbotela akapita juu ya ziwa la Naivasha amekaa wima kama mtu aliye kwenye kiti chake sebuleni, koti la buluu likipepea nyuma, mikono imeshika kamba, mdomo wazi. Mwanzo alisema jina la Mwokozi mara tatu. Baadaye, Wacera aliapa, alisikika akisema, "Ongeza, Kapteni." Ndege weupe waliruka kutoka kwenye mafunjo. Javan alizunguka mzunguko mmoja, akazunguka wa pili ambao hakuna aliyeuomba, na kofia yake haikuyumba.

Jumamosi wauguzi walikuja, kumi asubuhi na kumi mchana. Muuguzi mmoja alianguka kutoka kwenye mbao mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne aliibuka kama kizibo cha chupa, akicheka. Jioni Javan alipita kwa Nangila kumweleza, na kwapani hakuwa na kifurushi cha gazeti. Kofia ilikuwa kichwani, na alipita nayo Mbotela nzima, mstari kwa mstari, hata ile ambayo haikuwa njia yake.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa Marafiki walimzunguka Nangila. Mkubwa wao kwa umri alisafisha koo. "Dada Nangila, tumesikia ulionekana kwenye birika la wale. Tumesikia umezamishwa."

"Hapana," Nangila alisema. "Nilijaribu kuzama dakika thelathini, nikashindwa."

Walimtazama, halafu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikapita mpaka kwenye viti vya wanaume. Saa hiyo hiyo, upande wa pili wa Barabara ya Jogoo, Mzee Irungu alikuwa amesimama kando ya birika na kichujio cha chai, akitoa manyoya meupe ya sufi juu ya maji yaliyoombewa, moja moja, kwa subira ya mtu asiyeweza kukasirika.

Mwenye boti aliagiza majaketi ishirini zaidi. Magunia ya nyuma ya kitanda yakaisha, na Shitanda akapata ile nusu yake ya chumba. Siku ya kwanza aliweka kiti pale katikati, akakaa, akatazama huku na huku kama mgeni. Nangila akaanza kupita mlango kwa mlango akiuliza nani bado ana sufi.

Jumanne mlango wake ulibishwa. Ni Wacera, amekumbatia mto wa kulalia, mkubwa, wa foronya ya maua.

"Shika," alisema, asimtazame usoni. "Godoro ni la sponji, hilo kila mtu anajua. Lakini shingo yangu haikuwahi kuikubali." Akashusha sauti. "Hii ni sufi ya mama yangu. Iweke kwenye kola. Na usimwambie mtu."

Nangila aliubinya mto, akausikiliza, akachomoa shazia kwenye ukosi wake.